Kujitolea kueleza chimbuko la binadamu: Boma la Arusha, shuleni, Oldupai au mtandaoni?

Asubuhi yoyote ya msimu wa watalii, magari ya safari yanatoka Arusha yakipita Kisongo, Makuyuni, Mto wa Mbu na Karatu, yamebeba watu waliolipa fedha nyingi kwenda kuona bonde la Oldupai, lenye mabaki ya kale ya chimbuko la binadamu, ambalo wengi wetu tunaoishi kando ya barabara hiyo tunalijua kwa jina tu. Mtu akiliona pengo hilo husema: basi na mimi nijitolee, nisaidie kueleza. Wazo zuri. Shida inaanza anapodhani kwamba kujitolea maana yake ni kwenda Oldupai.

Kwa mtu wa Arusha au Moshi ziko njia nne hivi, na zinatofautiana sana kwa nauli, muda, vibali, na zaidi kwa aina ya watu utakaokutana nao. Nitazilinganisha, ila sitajifanya sina upande. Mimi niko upande wa shule, na sababu zangu utaziona.

Boma: pa kujifunzia kazi

Makumbusho ya Elimu Viumbe yako ndani ya Boma, ngome ya Wajerumani ya mwanzoni mwa karne ya 20, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Mnara wa Saa. Humo kuna sehemu ya chimbuko la binadamu, na wapo wahifadhi ambao kuzungumza na wageni ndiyo kazi yao ya kila siku. Kwa asiyejua bado tofauti ya Zinjanthropus na Homo habilis, sioni pa kuanzia pengine. Utakosea, na utasahihishwa palepale kabla kosa halijafika kwa watoto.

Na makosa yanayozunguka mjini ni mengi. Kubwa ni la Zinj, yaani huyo Zinjanthropus. Fuvu lile aliliona Mary Leakey tarehe 17 Julai 1959, na umri wake ni takriban miaka milioni 1.75. Waongoza watalii wengi hulitambulisha kama "babu yetu". Siye. Zinj, ambaye leo wataalamu wengi humwita Paranthropus boisei, ni wa tawi lililokatika: magego makubwa ajabu, taya nzito, na hakuna kizazi chake kinachofika kwetu. Anayekaribia zaidi ukoo wetu ni Homo habilis, ambaye mabaki yake yalianza kupatikana hapohapo Oldupai mwaka 1960 na kupewa jina mwaka 1964.

Kosa la pili ni kudhani fuvu halisi la Zinj liko Arusha au kule bondeni. Limehifadhiwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Unachomwonyesha mgeni huku ni nakala, na ana haki ya kuambiwa hivyo. La tatu linatuuma kidogo sisi wenyeji: "Binadamu wa kwanza alizaliwa Tanzania." Ethiopia wana Lucy, mifupa ya miaka milioni 3.2 iliyopatikana Hadar mwaka 1974. Kenya wana mvulana wa Turkana, ambaye mabaki yake yaliibuliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984. Mabaki ya zamani zaidi yanayohesabiwa kuwa ya Homo sapiens, ya kama miaka 300,000, yametoka Jebel Irhoud nchini Moroko. Kusema hayo hakupunguzi hata punje ya kile tulicho nacho, na mgeni aliyesoma akikusikia unatia chumvi hapa, hatakuamini na mengine.

Upungufu wa Boma ni kwamba unasubiri watu waje. Zipo siku basi zima la wanafunzi linashuka kwa mkupuo, na zipo siku unakaa na walinzi mkihesabu magari. Usishangae pia ukipangiwa kupokea wageni mlangoni kwa muda mrefu kabla ya kuachiwa kundi lako mwenyewe. Mwanachuo anayehitaji field atapitia barua ya chuo chake. Asiye mwanachuo apeleke barua kwa uongozi wa makumbusho akieleza siku anazoweza na lugha anazozungumza. Posho usiitegemee. Na kwa anayekaa Moshi hesabu ni mbaya: kilomita kama 80 kwenda na nyingine 80 kurudi, kila siku ya zamu, kwa nauli yako. Labda uwe na ndugu wa kulala kwake Ngarenaro.

Shule: begi moja, na watu wasiokuwa na haraka

Kwa miaka mingi mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza amekutana na mada ya mabadiliko ya binadamu, teknolojia na mazingira katika somo la Historia. Anaikariri kwa Kiingereza, anaijibu kwenye mtihani, inaishia hapo. Wengi wao hawajawahi kuona hata picha nzuri ya shoka la mkono (jiwe lililochongwa), wakati baadhi ya mifano iliyomo kwenye mada hiyo imetoka ndani ya mkoa wa Arusha. Mtu mwenye begi na saa moja na nusu anaweza kufanya darasani kitu ambacho jengo la makumbusho haliwezi: kuifuata hadhira iliko.

Begini weka kamba kwanza. Kata mita 3.66 na uwaambie kila milimita moja ni miaka 1,000. Ncha ya mbali ni nyayo za kale za Laetoli, kusini mwa Oldupai. Zinj anasimama mita 1.75 kabla ya leo. Homo sapiens anaingia kwenye sentimita 30 za mwisho. Nyayo za Engare Sero, zile zaidi ya 400 zilizoachwa na watu kama sisi kwenye majivu ya volkano kusini mwa Ziwa Natron, ni za kati ya miaka 5,000 na 19,000 hivi iliyopita, kwa hiyo zote zinaenea ndani ya sentimita mbili za mwisho. Kisha waulize Uhuru wa 1961 uko wapi. Ni unene wa unywele. Hapo mikono huanza kunyooshwa bila kuombwa.

Halafu watoke uwanjani. Nyayo zilizofukuliwa Laetoli mwaka 1978 na 1979 zimefuatana kwa mita kama 27, nazo ni za watu watatu, mmoja wao akikanyaga ndani ya nyayo za aliyemtangulia. (Nasema "watu" kwa mazoea, wanaohusishwa nazo ni Australopithecus afarensis, viumbe wa kale waliotembea kwa miguu miwili.) Mwaga maji kwenye mchanga, pima mita 27, wachague watatu watembee hivyohivyo, wengine wapime kwa rula. Unyayo wa yule mdogo wa Laetoli una urefu wa kama sentimita 18, na mtoto wa darasa la tano atakuta mguu wake unauzidi. Mwaka 2015 zikapatikana nyayo nyingine, kama mita 150 kutoka pale, wakati Profesa Fidelis Masao na wenzake wakikagua eneo lililokusudiwa kujengwa makumbusho. Za mkubwa wao zina sentimita 26 hivi, na kwa makadirio alikuwa na kimo cha kama sentimita 165. Waachie watoto swali: mbona huyu mkubwa hivi na yule mdogo hivi? Baba na mama? Mtu mzima na mtoto? Wanasayansi nao wanabishana, na ni vizuri darasa lijue kwamba hata wao wanabishana.

Ukiona wanasinzia, wasimulie jinsi nyayo za kwanza za Laetoli zilivyoonekana mwaka 1976. Zilikuwa za wanyama. Watafiti walikuwa wakirushiana mavi makavu ya tembo kwa utani. Mmoja wao, Andrew Hill, akaanguka akikwepa, na usoni pake pale chini akakuta alama za matone ya mvua na kwato kwenye majivu yaliyogeuka mwamba. Sijaona darasa lililosahau hadithi hiyo.

Mawe nayo yanafaa, kwa tahadhari. Huku kwetu mawe ya volkano yamejaa, na kugonga moja kwa jingine hadi kipande chenye makali kitoke ni somo tosha kuhusu kile alichohitaji kukijua fundi wa Oldupai. Vaa miwani ya kinga, watoto wakae mbali, na okota vipande vyote ukimaliza. Kamwe usifanye hivyo karibu na eneo la mambo ya kale, maana vipande vyako vitamchanganya mtafiti wa kesho.

Sasa lile swali. Utaulizwa, na mara nyingi atakayeuliza ni mwalimu au mzazi aliyekaa nyuma. "Kijana, kwa hiyo babu yangu alikuwa nyani?" Jibu fupi ni hapana, mzee. Sokwe wa Gombe ni kama mtoto wa shangazi yako: hakukuzaa wewe, wala wewe hukumzaa, ila ukipanda juu mnakutana kwa babu mmoja. Babu huyo aliishi miaka kama milioni 6 au 7 iliyopita, naye hakuwa sokwe wa leo wala binadamu wa leo. Baada ya hapo nyamaza. Kujitolea hakukupi ruhusa ya kuingilia imani ya mtu, na Kilimanjaro, ambako shule nyingi zilianzishwa na makanisa, mabishano ya dini yatakufungia mlango ambao huenda usifunguliwe tena. Kwenye shule za Kikatoliki inasaidia kujua kwamba Papa Yohane Paulo II, mwaka 1996, alikiambia chuo cha kisayansi cha Vatikani kuwa nadharia ya mageuko ni zaidi ya dhana tu. Kwingineko sema wazi: mimi nimeleta mifupa, mawe na nyayo, mambo ya roho yana wenyewe. Mtu akitaka kuendelea, muombe mzungumze nje baada ya kipindi. Nimewasikia watu wa kujitolea wakicheka swali hilo mbele ya darasa, na sioni namna ya haraka zaidi ya kuharibu kazi ya wenzako wote.

Vibali vya shule si vigumu, ila haviruki hatua. Barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa, kisha ofisi ya Afisa Elimu wa halmashauri, kisha Mwalimu Mkuu au Mkuu wa Shule. Omba muda wa klabu za masomo badala ya kudandia kipindi cha mtu. Septemba epuka shule za msingi, darasa la saba wana mtihani. Novemba epuka sekondari. Mwalimu awepo darasani muda wote, na usipige picha za watoto bila ruhusa. Kwa gharama, nauli ya daladala ni yako, pamoja na kamba, chaki na nakala za mafuvu. Hizo nakala ndizo ghali. Zisipopatikana, tovuti ya Smithsonian ina mafuvu ya 3D unayoweza kuyazungusha kwenye simu au kompyuta, bure. Taasisi hiyo ilifungua ukumbi wake wa chimbuko la binadamu mjini Washington mwaka 2010, na huwatumia watu wa kujitolea kusimama ukumbini na kuzungumza na wageni, kazi ileile unayotaka kuifanya Pasua au Sakina.

Oldupai na Laetoli: nenda, lakini kwa sababu nyingine

Hii ndiyo ndoto ya wengi, na ndiyo ninayoipa alama za chini. Makumbusho mapya ya Oldupai yaliyofunguliwa mwaka 2017 ni mazuri kweli. Kusimama ukingoni, ukatazama tabaka za udongo mwekundu na wa kijivu zilizopangana hadi chini, kunakufundisha kitu ambacho begi langu haliwezi. Kila anayetaka kueleza habari hizi aende angalau mara moja. Mtanzania hulipa kiingilio kwa shilingi, kiwango cha chini mno kuliko cha mgeni.

Kujitolea pale ni habari nyingine. Ni zaidi ya kilomita 200 kutoka Arusha, ndani ya hifadhi, hakuna daladala, na kulala kwako lazima kuwe kumepangwa na mtu mwenye mamlaka. Mgeni wa kawaida husimama hapo njiani akielekea Serengeti. Ana dakika chache, dereva anaangalia saa, na lugha ni Kiingereza, Kifaransa au Kichina. Wenyeji wa karibu ni Wamaasai. Kama huzungumzi Kimaa, mazungumzo yako na jirani wa Oldupai yatakuwa mafupi kuliko yale na Mfaransa. Na jirani huyo ana hoja zake za ardhi na malisho. Ukimletea mifupa kabla hujamsikiliza, hatakuona kama mwalimu.

Laetoli ni mbali zaidi, na ukifika unaweza usione nyayo zenyewe. Zile za 1978 zilifukiwa ili zisiharibike. Baadaye ikagundulika kwamba mizizi ya miti ya migunga iliyoota juu yake inazitishia, na katikati ya miaka ya 1990 wataalamu wa Tanzania na taasisi ya uhifadhi ya Getty ya Marekani wakaisafisha sehemu hiyo na kuifukia upya kwa utaalamu zaidi. Ni uamuzi sahihi, ingawa humvunja moyo mtu aliyetoka Moshi akitegemea kuziona.

Na yule anayesema anataka "kuchimba" ajue kwamba huko ni utafiti, siyo kujitolea kwa umma. Utafiti unahitaji kibali cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), pamoja na leseni ya mamlaka ya mambo ya kale, inayotolewa chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Kuokota jiwe na kulitia mfukoni, hata kwa nia ya kwenda kufundishia, ni kosa. Njia ya halali ni kusoma akiolojia chuoni, kama Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kuingia kwenye timu ya watafiti ukiwa mwanafunzi.

Watu wawili nawaondoa kwenye ukali huu. Wa kwanza ni kijana anayezungumza Kimaa na kuishi Karatu, Endulen au Ngorongoro: yeye anaweza kufanya pale kazi ambayo sisi wa mjini hatuiwezi kabisa, na natamani angeombwa kabla yetu. Wa pili ni dereva muongoza watalii. Huyo tayari yuko barabarani na hadhira yake ndani ya gari kwa saa nzima na zaidi. Akirekebisha hilo la Zinj tu, ameshajitolea vya kutosha.

Mtandaoni

Hapa nitapita haraka. Wikipedia ya Kiswahili inahitaji watu wa kuandika na kusahihisha makala za akiolojia, na kazi hiyo unaifanya ukiwa Kiboriloni usiku kwa gharama ya bando. Vyanzo ni lazima, na hilo ni zuri kwa nidhamu yako. Video fupi zinafika mbali zaidi, lakini chini yake utakuta ugomvi wa nyani ambao darasani ungeumaliza kwa dakika tano, na mtandaoni haumalizwi na mtu. Inamfaa mwenye uvumilivu, mlemavu asiyeweza kusafiri kwa urahisi, au mtu wa kazi za zamu. Haimfai anayependa kuona uso wa anayemweleza. Kosa likishasambaa huko halirudi, kwa hiyo mpe mtu wa makumbusho au mwalimu wa Historia asome kabla hujarusha.

Nani aende wapi

Mhitimu wa Kidato cha Sita wa Arusha anayesubiri chuo: Boma kwanza, miezi miwili mitatu, halafu shule. Usigeuze mpangilio huo. Mwalimu mstaafu wa Moshi: shule moja kwa moja, maana ofisi ya elimu wanakufahamu na kuzungumza mbele ya watoto huhitaji kufundishwa, kinachokosekana ni habari mpya, na hizo unaweza kuzifuata kwa siku moja Boma na siku moja Oldupai. Mfanyakazi mwenye Jumamosi tu: shule za bweni, ambazo wanafunzi wapo wikiendi na walimu wa zamu hufurahi kupata kipindi cha kuwashughulisha. Mwanachuo wa utalii au wanyamapori: Boma, kwa sababu barua ya chuo itakufungulia mlango na kazi hiyo itakaa kwenye wasifu wako. Mgeni kutoka nje ya nchi: kabla ya lolote, ulizia kibali cha ukaazi kinachohusu kujitolea, kwa sababu viza ya utalii haikuruhusu kusimama darasani.

Mkiwa wawili, gawaneni kazi: mmoja aongee, mwingine ashike kamba na kuwaangalia watoto wa nyuma. Peke yako darasa la watoto 80 ni kubwa mno. Omba Mwalimu Mkuu aligawe, hata kama itakubidi urudi wiki inayofuata.

Jambo la fedha nalo. Zipo kampuni zinazowatoza watu, hasa wageni, ada nono ili "wajitolee" kwenye miradi ya kaskazini. Shule ya serikali na makumbusho hazikudai ada ya kujitolea. Mtu akikuomba hela ya "usajili wa kujitolea Oldupai" kwa namba ya simu, usitume. Nenda mwenyewe ofisini ukaulize, siku ya kazi, asubuhi, na barua yako mkononi.